Konseto ya Elgar: dakika tano kati ya Harrison na du Pré

Muulize mpenzi yeyote wa chelo, ile fidla kubwa ya sauti nzito, uanze na rekodi gani ya konseto (utungo wa mpigaji mkuu mmoja na okestra) ya Edward Elgar, mtunzi wa Uingereza, atakujibu bila kusita: Jacqueline du Pré na London Symphony Orchestra, John Barbirolli akiongoza, Kingsway Hall, Agosti 1965. Jibu hilo ni halali. Kinachonikera ni kwamba rekodi hiyo imegeuzwa kuwa kipimo cha nyingine zote, hata ile aliyoisimamia mtunzi mwenyewe. Mwaka 1928 Elgar aliongoza okestra huku Beatrice Harrison akipiga chelo, na leo wengi wanaisikiliza santuri hiyo mara moja tu, kwa adabu, kisha wanairudisha kabatini. Wanasema inakwaruza, inakimbia, haina majonzi. Naona hukumu hiyo inamwonea Harrison, na inatupotosha kuhusu utungo wenyewe.

Tutazame saa kwanza. Du Pré anatumia karibu dakika 30, Harrison kama 25. Hizo dakika tano si kidogo: ni karibu urefu wote wa Adagio, sehemu ya tatu, kama anavyoipiga du Pré. Ni kana kwamba mmoja wao amepachika sehemu nzima ambayo mwenzake hana.

Jibu la haraka hujulikana. Upande mmoja wa santuri za wakati ule ulibeba dakika nne na kitu, basi walioingia studio walilazimika kukaza mwendo. Hoja hii ina uzito wake. Rekodi ya kwanza ya Harrison na Elgar, waliyoianza mwaka 1919 kabla maikrofoni hazijaingia studio, ilikatwa vipande kweli ili itoshe. Lakini ile ya 1928 imebeba utungo wote. Tena ukiisikiliza kwa makini utagundua kwamba Elgar hakimbii moja kwa moja. Anasukuma sentensi ya muziki mpaka ipande, halafu anailegeza, wakati mwingine sana, kabla ya kuisukuma tena. Anayebanwa na saa angeanza kwa kuacha kulegeza huko. Isitoshe, Elgar aliandika mwendo kwa namba za metronomu, kifaa cha kupimia kasi ya mapigo, katika noti zake, na katika sehemu ya kwanza na ile Adagio du Pré yuko nyuma ya namba hizo waziwazi.

Sikiliza mwanzo. Chelo inaingia peke yake kwa nguvu, nyuzi kadhaa zikipigwa pamoja. Inashuka, inanyamaza, kisha viola, fidla zenye sauti nzito kidogo, zinachukua melodia bila kusindikizwa na chombo kingine. Kwa Barbirolli, viola hizo zinakwenda pole mno, kila noti inabeba mzigo wake, na chelo inapoingia tayari umejua kwamba mambo ni mazito. Kwa Elgar melodia ileile inayumba, mapigo yakija matatu matatu, na unaweza kuitikisia kichwa. Huzuni imo, ila inatembea. Harrison anapoipokea, kidole chake kinateleza juu ya uzi kutoka noti moja hadi nyingine, na mteremko huo anauacha usikike wazi.

Hapo ndipo wasikilizaji wa leo wanapokunja uso. Wapigaji wa Ulaya waliacha pole pole kuteleza kwa namna hiyo baada ya miaka ya 1930, na vizazi vilivyofuata vikafundishwa kuifikia kila noti safi. Kwa masikio hayo Harrison anasikika kama hana nidhamu. Aliyekulia na taarab ya Unguja hatapata shida hiyo, kwa sababu fidla na chelo zake huteleza kwa makusudi, na utamu wenyewe umo katika kuteleza huko. Wala mikwaruzo haitamzuia. Mwaka huohuo wa 1928, Siti binti Saad na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi kwa HMV, kampuni ileile iliyotoa santuri ya Harrison. Wanaozipenda santuri za Siti wanazisikiliza na mikwaruzo yake yote, na hakuna anayemwambia Siti kwamba alikuwa na haraka.

Upande wa pili una shahidi mzito, naye ni Barbirolli mwenyewe. Konseto ilipopigwa kwa mara ya kwanza, Queen's Hall, London, tarehe 27 Oktoba 1919, alikuwa kijana wa miaka 19 aliyeketi miongoni mwa wapigaji chelo wa okestra. Alishuhudia jioni ile ilivyoharibika, kwa kuwa mwongozaji mwenzake Elgar, Albert Coates, alikula muda wa mazoezi na okestra ikaingia jukwaani haijajiandaa. Mwaka 1921 Barbirolli aliipiga konseto hiyohiyo akiwa yeye ndiye mpigaji mkuu. Huwezi kusema hakuijua. Alipomwachia du Pré nafasi yote ile, alijua anachokifanya, na pengine aliamini kwamba Elgar alikuwa akiukimbia uchungu wake mwenyewe. Hilo linawezekana. Watunzi wengi huona haya mbele ya kazi zao, na utungo ukishatoka hauwi mali ya mtunzi peke yake.

Lakini kuna jambo ambalo mashabiki wa rekodi ya 1965 hulisahau. Du Pré alikuwa na miaka 20, mzima wa afya. Ugonjwa uliomnyang'anya chelo uligunduliwa mwaka 1973, akafariki 1987 akiwa na miaka 42. Sehemu ya kilio tunachokisikia ndani ya rekodi ile tumekimimina sisi, baada ya kujua yaliyompata. Elgar naye tumemtendea vivyo hivyo: husimuliwa kama mjane anayeaga dunia, ilhali mkewe Alice alifariki Aprili 1920, miezi baada ya konseto kupigwa hadharani. Alipoiandika, katika nyumba ya shamba ya Brinkwells huko Sussex, Vita Kuu ya Kwanza vilikuwa vimetoka kwisha na afya yake haikuwa nzuri, lakini Alice alikuwapo.

Tofauti inaonekana zaidi mwishoni. Melodia ya Adagio inarudi, kisha ile chelo ya mwanzo inaingia tena kwa nguvu, na ghafla okestra inafunga kazi kwa mwendo wa kasi, bila kuaga. Kwa du Pré, majonzi yamenyooshwa kiasi kwamba kufunga huko kunasikika kama kumebandikwa na mtu mwingine. Nimeshaisikiliza mara nyingi na bado kunanishtua. Kwa Harrison kunafuata kwa haki, maana muziki haukuwahi kusimama kabisa.

Rekodi ya du Pré nitaendelea kuisikiliza, nayo ndiyo iliyowaleta wengi kwenye konseto hii. Ila wahakiki wanapomwita mpigaji chelo kijana "baridi" kwa sababu amemaliza katika dakika 26, wangetaja wanamlinganisha na nani. Akiwekwa mbele ya Elgar na Harrison, kijana huyo hajakimbia hata kidogo.