"Kapige picha nje": hospitali za manispaa Dar na hoja ya CT skani

Karatasi aliyokabidhiwa shemeji yangu ilikuwa na maneno matatu tu: "CT kichwa, nje." Ilikuwa usiku wa kuamkia Jumapili. Mdogo wake alikuwa ameanguka na bodaboda huko Mbagala. Alikuwa anaongea, ila anarudia swali moja kila baada ya dakika mbili: pikipiki iko wapi? Hospitali iliyompokea ilimshona kidonda, ikamtundikia dripu, ikamwandikia karatasi hiyo. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshaondoka na mjamzito. Tukachangishana, tukakodi teksi, tukakata nusu ya jiji kutafuta mashine.

Kwenye kituo binafsi tulichokipata, picha yenyewe ilichukua dakika chache. Ripoti ilitoka Jumatatu mchana. Hapo katikati, daktari wa zamu alitazama skrini, akakuna kidevu, akasema: "Mimi naona kama hakuna damu, ila tumsubiri bingwa." Hilo "naona kama" ndilo tulilokesha nalo.

Kijana ni mzima na ameshadai pikipiki yake. Nimeanza na kisa chake kwa sababu kina pande zote mbili za mjadala unaorudi kila msimu wa bajeti za manispaa: je, hospitali za ngazi ya wilaya Dar es Salaam zipewe CT skani, mashine ya mionzi inayopiga picha za ndani ya mwili kipande kwa kipande, au fedha hiyo iende kwenye eksirei, ultrasaundi na watu wa kuzisoma? Anayetaka mashine atasema tulihangaika usiku kwa sababu haikuwepo. Anayeikataa atasema mashine tuliipata usiku uleule, tukakosa msomaji.

Mjadala huu umeshuka ngazi moja. Zamani ulihusu hospitali za rufaa za mikoa. Mwaka 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha mkopo uliofahamika kwa wengi kama wa shilingi trilioni 1.3, wa kukabili athari za UVIKO-19, na sehemu yake ilielekezwa kwenye mashine za picha kwa hospitali za ngazi hiyo. Sasa wananchi wa pembezoni wanauliza: na sisi je?

Swali lao lina uzito. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Amana, Temeke na Mwananyamala, hospitali tatu za rufaa za mkoa huu, ziko pale jiji lilipokuwa zamani. Muhimbili iko Upanga. Watu wamehamia Chanika, Kivule, Goba, Bunju, Mbagala Chamazi na ng'ambo ya Kigamboni. Daraja la Nyerere, kati ya Kurasini na Kigamboni, lililofunguliwa mwaka 2016 limewasaidia sana watu wa Kigamboni wasitegemee kivuko peke yake, lakini daraja halikufupisha foleni iliyo mbele yake. Umbali wa kilomita kwenye ramani ni kitu kimoja. Umbali wa saa kumi na moja jioni ni kitu kingine kabisa.

Na kuna magonjwa mawili ambayo muda ndiyo dawa yake ya kwanza. La kwanza ni kichwa kilichogongwa, na kwa jiji linaloendeshwa na bodaboda sina haja ya kueleza zaidi. Eksirei ya fuvu inaonyesha mfupa uliovunjika. Damu inayovuja chini yake haionyeshi. La pili ni kiharusi, na hapa ndipo hoja ya CT inaponishika hasa. Kiharusi kinaweza kuletwa na mshipa ulioziba au mshipa uliopasuka. Kwa nje mgonjwa ni yuleyule: mdomo umepinda, mkono umelegea, maneno hayatoki. Matibabu yanapishana kama mchana na usiku. Dawa ya kuyeyusha donge la damu hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na ukimpa aliyepasuka mshipa unaweza kumuua. Hakuna daktari, hata awe na uzoefu wa miaka 30, anayeweza kuzitenganisha kwa uhakika kwa kumtazama mgonjwa tu. Lazima picha.

Niseme ukweli, dawa yenyewe ni ghali na haipatikani kila mahali, kwa hiyo saa 4 na nusu kwa wagonjwa wengi wa kwetu bado ni hadithi ya hospitali kubwa. Lakini hata uamuzi mdogo wa kutoa aspirini au kutotoa unategemea picha hiyohiyo.

Upande huu una hoja nyingine ambayo sisikii ikisemwa vya kutosha. Sera yetu inatoa msamaha wa gharama kwa wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wazee wasio na uwezo. Msamaha huo unafanya kazi ndani ya uzio wa hospitali ya umma. Ukishaandikiwa "nje", umekwisha getini. Kituo binafsi hakijui barua ya ustawi wa jamii, kinajua dirisha la malipo. Kwa hiyo kila "kapige nje" humfanya mtu ambaye serikali imesema asilipe awe mlipaji wa fedha taslimu, usiku, akiwa hana nafasi hata ya kuuliza bei kwa jirani.

Kufika hapo ningekuwa nimeshapiga kura ya CT kila manispaa. Kinachonizuia ni yale yanayotokea mashine ikishawekwa.

CT skani si jokofu kwamba ukilichomeka limemaliza. Bomba lake la kutoa mionzi linachakaa kwa matumizi, na kulibadilisha ni gharama inayoweza kumeza bajeti ya vifaa ya hospitali ndogo. Mashine yenyewe inataka chumba cha baridi muda wote, na Dar ya Februari si rafiki wa hilo. Inataka umeme usioruka. Inataka fundi ambaye mara nyingi anatoka kwa wakala wa kampuni iliyoiuza, na kipuri kinachotoka nje ya nchi. Chumba kinataka kuta zenye madini ya risasi ya kuzuia mionzi na leseni ya Tume ya Nguvu za Atomu, na watumishi wanataka vibeji vya kupima mionzi wanayoipata. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachokatiwa utepe. Nimeshahudhuria uzinduzi wa mashine. Uzinduzi wa mkataba wa matengenezo sijawahi kuusikia.

Mashine ikifa, hospitali inarudi kwenye karatasi yenye neno "nje", safari hii ikiwa na chumba kizuri kilichofungwa kufuli.

Wakati huohuo vipimo vya kawaida ndivyo vinavyobeba mzigo. Shirika la Afya Duniani na tawi lake la nchi za Amerika wamekuwa wakieleza kwa miaka kwamba eksirei na ultrasaundi zinatosha kutatua asilimia 70 hadi 80 ya matatizo yanayohitaji picha. Ukikaa saa mbili kwenye benchi la hospitali ya manispaa utaiamini hesabu hiyo: mkono uliovunjika, kikohozi cha wiki tatu, mjamzito anayetoka damu. Tanzania ilikuwamo kwenye orodha ya mwaka 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na tangu mwaka 2021 shirika hilo linakubali programu za kompyuta zisome eksirei ya kifua kuwachuja watu wa miaka 15 na kuendelea. Kwa wajawazito, tangu mwaka 2016 linapendekeza ultrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Mapacha, mimba iliyotunga nje ya kizazi, kondo lililotangulia mbele ya njia ya uzazi: haya ndiyo yanayoua Kivule na Mabwepande, na hayahitaji CT. Yanahitaji mashine ndogo ya kusukuma kwa magurudumu na mkunga au tabibu aliyefundishwa kuishika.

Halafu kuna suala la mionzi, ambalo watu hulitia chumvi au hulisahau kabisa. Ultrasaundi haina mionzi. Eksirei moja ya kifua ni takriban 0.1 milisiveti, kipimo cha mionzi inayoingia mwilini. CT ya tumbo hufika 8 hadi 10, yaani mara 80 hadi 100 ya hiyo. Kwa mgonjwa anayeihitaji, hatari ni ndogo kuliko faida. Kwa asiyeihitaji, hakuna faida ya kuipima nayo. Mashine ikiwa mlango wa tatu, na ikiwa kila picha inaingiza mapato kutoka bima, mkono wa daktari unaacha kupapasa tumbo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita mwaka 2023, na utekelezaji wake ukienea kishawishi hiki kitakua.

Turudi kwa msomaji. Tarehe 1 Oktoba 1971, CT ya kwanza ya mgonjwa ilipigwa London kwa mashine iliyobuniwa na mhandisi Godfrey Hounsfield. Data ilirekodiwa kwenye tepu, ikapelekwa kwenye kompyuta iliyokuwa kwingine, na watu wakaisubiri. Leo kompyuta inamaliza kabla mgonjwa hajavaa viatu. Tunayemsubiri sasa ni binadamu. Madaktari bingwa wa mionzi ni wachache, wengi wao wako hospitali kubwa mchana na vituo binafsi jioni, na hakuna manispaa itakayompata wa kukesha nao kila siku.

Dawa inayotajwa ni kutuma picha kwa mtandao: ipigwe Kigamboni, isomwe Upanga. Naikubali, kwa shaka moja. Anayesoma mbali hamwoni mgonjwa, anaiona fomu. Fomu zetu nazo! "Maumivu ya tumbo", basi, hakuna upande wala tangu lini. Bingwa atasoma nini hapo? Atarudisha ripoti ya kurasa mbili isiyojibu swali lolote kwa kuwa hakuulizwa.

Msimamo wangu basi haujanyooka. CT skani iende Kigamboni, kwa sababu ya maji yanayoitenga na jiji, na pengine katika hospitali moja ya pembezoni ya upande wa kusini-magharibi kwa sababu ya foleni, na iende tu ikiwa na mkataba wa matengenezo wa miaka kadhaa uliokwishalipiwa na makubaliano ya maandishi kwamba CT ya kichwa inasomwa ndani ya saa moja, iwe Jumapili au sikukuu. Manispaa nyingine zianze na eksirei ya kidijitali inayofanya kazi saa 24. Nasisitiza saa 24, maana zipo zenye mashine nzuri na mtaalamu wa mionzi mmoja, anayefunga chumba saa tisa na nusu alasiri. Najua wa Bunju ataniuliza kwa nini Kigamboni na si yeye. Sina jibu litakalomridhisha. Nina jibu la hesabu tu, na hesabu haijawahi kumfariji mtu aliyekaa na mgonjwa kwenye teksi.

Wiki tatu baada ya ajali, kijana wetu alirudi kliniki akiwa na CD ya picha zake ndani ya bahasha ya kaki. Kompyuta ya chumba cha daktari haikuwa na mahali pa kuiingiza. Ripoti ya karatasi ilikuwapo, lakini daktari alitaka kuziona picha kwa macho yake, na hakuna sehemu yoyote zilipokuwa zimehifadhiwa ambako angeweza kuzifungua. Akaandikiwa apige upya: milisiveti nyingine 2 hivi za kichwa, karibu sawa na mionzi ya asili ambayo mtu hupata kwa mwaka mzima, na malipo mengine dirishani. Shemeji aliichukua karatasi akaisoma. Safari hii ilikuwa na maneno manne: "CT kichwa, rudia, nje."