Vifo vya Barry na Honey Sherman: familia ilipoamua kupeleleza yenyewe

Tarehe 15 Desemba 2017 dalali aliyekuwa akiwatembeza wateja katika nyumba iliyokuwa ikiuzwa kaskazini mwa Toronto, Kanada, aliwakuta wenye nyumba wamekufa kando ya bwawa la kuogelea la ndani. Barry Sherman, mwenye umri wa miaka 75, ndiye aliyeanzisha kampuni ya dawa ya Apotex, na alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa nchi hiyo. Mkewe Honey alikuwa na miaka 70. Miili ilikuwa kama imekalishwa, mikanda ikiwa shingoni na kufungwa kwenye reli ya bwawa. Mara ya mwisho walionekana wazima jioni ya tarehe 13. Hakuna aliyeshtakiwa.

Polisi walitangaza mapema kwamba hapakuwa na dalili ya mlango kuvunjwa, na kwamba kwa wakati huo hawakuwa wakimsaka mtu. Punde vyombo vya habari vikawanukuu watu wa ndani ya polisi: huenda mume amemuua mkewe, kisha akajiua. Watoto wao wanne waliikataa nadharia hiyo hadharani, wakamwajiri wakili Brian Greenspan, naye akakusanya kikosi cha wapelelezi binafsi, wengi wao askari wastaafu wa kitengo cha mauaji.

Hoja ya mlango usiovunjwa ilikuwa dhaifu tangu mwanzo. Nyumba iliyo sokoni ina madalali, wateja, mafundi na wasafishaji wanaoingia na kutoka, na ufunguo unapita mikononi mwa watu wengi. Mlango mzima katika nyumba ya namna hiyo haumwambii mpelelezi kama muuaji aliingia kutoka nje au alikuwa mtu wa ndani.

Hatua iliyogeuza kesi ni uchunguzi wa pili wa maiti. Madaktari wa serikali walipasua miili siku moja na mbili baada ya kupatikana, wakaeleza kwamba chanzo cha kifo ni shingo kubanwa. Chanzo hicho hakimalizi swali. Sheria ya Ontario inataka pia namna ya kifo, nayo ni mojawapo ya tano: maradhi, ajali, kujiua, kuuawa, au isiyobainika. Kabla ya maziko ya tarehe 21 Desemba, familia ilimpa kazi David Chiasson, aliyewahi kuwa mpatholojia mkuu wa jimbo hilo, aichunguze miili upya.

Mtaalamu hutazama nini? Kwanza, mwelekeo wa alama shingoni. Anayejinyonga mara nyingi huachwa na alama inayopanda kwa mshazari na kukatika penye fundo, kwa kuwa uzito wa mwili ndio unaovuta. Aliyekabwa kwa kamba au mkanda huwa na alama iliyolala, inayozunguka shingo, mara nyingi chini zaidi. Pili, vidoa vidogo vya damu machoni na usoni, ambavyo huwa vingi zaidi kwa aliyekabwa. Tatu, misuli ya shingo, inayofunuliwa tabaka kwa tabaka baada ya ubongo na viungo vya kifua kutolewa ili damu ichuruzike. Ukianza na shingo, damu inayovuja wakati wa kupasua hufanana na jeraha. Kuvunjika kwa hayoidi, kimfupa kidogo cha kooni, peke yake hakuthibitishi kitu, hasa kwa wazee. Wala kukaa chini si hoja ya kutosha, maana mtu anaweza kujinyonga akiwa ameketi. Katika kesi hii ziliripotiwa alama kwenye vifundo vya mikono, kama za kufungwa, ilhali pale bwawani hapakupatikana kamba ya mikono. Aliyejiua haondoi kamba baada ya kufa.

Uchunguzi wa pili una faida ambayo wengi hawaijui: michubuko mingine huonekana vizuri zaidi siku moja au mbili baadaye. Lakini una kasoro zake. Viungo vimeshakatwa, sampuli zimeshachukuliwa, na daktari wa pili hutegemea sana picha za wa kwanza. Maiti ikiwa imeshatiwa dawa ya kuhifadhi, vipimo vya sumu huharibika. Ndiyo maana desturi iliyozoeleka Kenya, ya daktari aliyeletwa na familia kusimama kwenye meza moja na yule wa serikali, ni bora kuliko kupasua mara mbili.

Tarehe 26 Januari 2018, wiki sita baadaye, polisi walitangaza kuwa wote wawili waliuawa, na kwamba walilengwa. Kwa maoni yetu, bila shinikizo la familia tangazo hilo lingechelewa, na huenda jalada lingefungwa kwa kumtaja marehemu Barry kuwa ndiye muuaji.

Yaliyofuata ndiyo yanayogawa watu. Polisi walipoiachia nyumba, wapelelezi wa familia waliingia. Oktoba 2018 Greenspan aliwaambia waandishi kwamba polisi waliacha angalau alama 25 za vidole na viganja, na kwamba hawakufyonza vumbi na nywele ipasavyo. Mkuu wa polisi Mark Saunders aliitetea kazi ya vijana wake. Alama 25 zinatisha kuzisikia, ila katika nyumba inayouzwa nyingi zinaweza kuwa za wageni halali, na thamani yake huonekana baada ya kila aliyepita pale kuchukuliwa alama zake na kuondolewa kwenye orodha. Tena, alama iliyopatikana baada ya polisi kuondoka itahojiwa na wakili wa utetezi: kati ya siku ya kifo na siku hiyo, nani aligusa pale?

Siku hiyohiyo ya Oktoba 2018 familia ilitangaza donge nono la dola milioni 10 za Kanada na namba yake ya kupokea taarifa. Mwaka 2022 mwana wao aliongeza milioni 25, zikawa 35. Wanaounga mkono husema anayemjua muuaji tajiri hafungui mdomo kwa vijisenti. Ni kweli. Lakini fedha nyingi huleta pia waongo na waota ndoto, na kila taarifa inakula saa za mpelelezi. Shahidi wa kweli naye, siku akipanda kizimbani, swali la kwanza litakuwa ameahidiwa kiasi gani. Namba ya familia ina tatizo jingine: mtoa habari akihojiwa kwanza na mpelelezi binafsi, kauli yake ya awali, iliyo safi kuliko zote, haiko mikononi mwa serikali. Kikosi hicho kilifunga kazi Desemba 2019.

Polisi nao wana lawama yao. Video ya mtu akitembea jirani na nyumba ile usiku wa mauaji, akiinua mguu wa kulia kwa namna ya pekee kila anapopiga hatua, waliitoa Desemba 2021, miaka minne baadaye. Kuficha ushahidi kuna mantiki, maana hukusaidia kumtambua anayeungama uongo. Ila mwendo wa mtu hutambuliwa na jirani au mfanyakazi mwenzake angali anamwona kila siku. Baada ya miaka minne, wangapi wanaukumbuka?

Tena familia hiyohiyo iliyotaka majibu iliomba majalada ya mirathi yafungwe, ikihofia usalama na faragha. Gazeti la Toronto Star lilipinga, na tarehe 11 Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua kwa kauli moja yafunguliwe: faragha inayogusa utu ni maslahi ya umma, lakini hatari kubwa haikuthibitishwa. Hofu yao inaeleweka, kwani muuaji yuko huru. Lakini katika mauaji ya tajiri, nani anarithi nini ni swali la mwanzo kabisa la upelelezi, na ni vigumu kuuomba umma ulete habari huku unaufungia mlango huo.