Mkongwe Anayenakili Asionewe Haya

Katika Wikipedia ya Kiswahili, mgeni anayenakili hanisumbui. Ni kijana wa chuo huku Nairobi, kaona makala ya mwanariadha fulani haipo, kachota aya tatu gazetini na kuzibandika. Mwandikie kwa heshima kwenye ukurasa wake wa majadiliano. Mweleze kwamba urefu wa Mlima Kenya, mita 5,199, hauna mwenyewe, ila sentensi ya mwandishi aliyeueleza inaye. Wengi huelewa. Makala inafutwa, yeye anabaki.

Anayenitoa jasho ni mkongwe. Ana mamia ya makala na anawakaribisha wageni. Siku moja mtu anatia sentensi yake kwenye Google, tovuti ya watu inajitokeza neno kwa neno. Hapo tunaanza kumung'unya maneno. Jamani, amejitolea sana. Si amebadilisha kidogo? Kugeuza "alifariki" kuwa "aliaga dunia" na kuacha mpangilio wote vilevile si kuandika upya.

Mimi nasema azuiwe kuhariri mpaka akubali kukagua nasi kazi zake za nyuma. Wikipedia humwahidi msomaji kwamba maandishi yake yana leseni ya CC BY-SA: chapisha, sambaza, hata uza, mradi utaje chanzo na utumie leseni ileile. Mwalimu wa Kayole akitoa kijitabu kwa kuamini ahadi hiyo, mwenye maandishi anaweza kumwendea yeye na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 mkononi. Sheria hiyo hulinda maandishi hadi miaka 50 baada ya mwandishi kufa, kwa hiyo "ni ya zamani" mara nyingi si utetezi.

Halafu kuna usafi. Ukifuta aya, toleo la awali bado limo kwenye historia ya ukurasa hadi mkabidhi, yaani msimamizi wa wiki, alifiche. Katikati hapo wengine wamerekebisha tahajia na kuongeza vyanzo kwa nia njema, na jasho lao huondoka pamoja na wizi usio wao. Huruma yetu kwa mmoja wanailipia hao.

(Mashindano ya kuandika makala nayo yana lawama: ukizawadia idadi ya makala, utaletewa idadi.)

Akitaka kurudi, aanze na makala moja aliyoiandika mwenyewe kuanzia sentensi ya kwanza. Tutaisoma pamoja naye, vyanzo vikiwa wazi pembeni.