Eti Stanley ndo "alianzisha" Kinshasa

Juzi kwenye redio kulikuwa na mchezo wa maswali, likaja swali nani alianzisha Kinshasa, jamaa akapiga simu akajibu Stanley, yule mzungu msafiri, 1881, akapewa vocha na makofi juu. Nikazima redio.

Sasa jamani, huyo Stanley aliwakuta kina nani pale? Alipita mara ya kwanza 1877 na vijiji vipo kando ya mto Kongo, Kintambo, Kinshasa na vingine, Wateke na Wahumbu wanavua na kufanya biashara. Na msidhani ni biashara ya visamaki. Pale ndo maporomoko yanapoanzia, chombo hakipiti tena kuelekea baharini, kwa hiyo pembe za ndovu walizoshusha Wabobangi kutoka huko juu lazima zipakuliwe, zibebwe vichwani mpaka pwani, na watu wa vijiji hivi wamekaa katikati wanakula huku na huku. Ngaliema, mkubwa wa Kintambo, alikuwa tajiri wa pembe haswa! Stanley aliporudi, katumwa na mfalme Leopold wa Ubelgiji, kutafuta pa kujenga kituo ilibidi abembeleze, atoe zawadi, mpaka wakachanjiana. Mwanzilishi gani anaomba kiwanja kwa wenyeji? (Na wapagazi wake wengi walitoka Unguja, kwa hiyo sisi nasi tulikuwepo, tusijifanye wageni.)

Haya, nakubali, bila reli ya kutoka bandari ya Matadi iliyokamilika 1898 pasingekuwa jiji kubwa vile. Ila reli ililetwa pale kwa sababu ileile, mzigo ulikuwa unaishia pale tangu zamani.

Kituo kikapewa jina Léopoldville, la mfalme huyohuyo ambaye hakukanyaga Kongo hata siku moja, kikatanuka, kikameza Kintambo, kikameza Kinshasa, 1923 Wabelgiji wakaamua makao makuu ya koloni yatoke mji wa Boma yaje hapo. Wenye mto wakawa wapangaji kwao.

Mobutu simtetei, mnanijua, lakini 1966 alipofuta Léopold akaliita jiji zima kwa jina la kile kijiji, hapo alipatia.

Leo Kinshasa na Kintambo ni komini (kama manispaa) mbili tu kati ya 24 za jiji, na machifu wa Kiteke na Kihumbu bado wanagombania ardhi huko pembezoni wakisema ni ya babu zao. Huyo mshindi wa vocha aende akawaambie wao kwamba mwenyewe ni Stanley, halafu atuletee majibu.