Si umaskini, ni masharti ya Kaisari
Makala nzuri, ila hapo mliposema Walutheri wa Świdnica, kule Poland ya leo, walijenga kanisa kwa mbao na udongo kwa sababu ya umaskini, hapana. Baada ya Amani ya Westphalia ya 1648, mikataba iliyomaliza Vita vya Miaka Thelathini huko Ulaya, Kaisari Ferdinand III, Mkatoliki aliyetawala eneo hilo, aliwaruhusu kwa shingo upande: mawe na matofali marufuku, mnara na kengele marufuku, lijengwe nje ya kuta za mji, tena liishe ndani ya mwaka mmoja. Wakasimamisha nguzo na mihimili, mapengo wakayaziba kwa udongo uliochanganywa na mabua. Na ndani sasa! Roshani juu ya roshani, linaingiza watu wapatao 7,500. Jamani, wekeni na picha za ndani.