Asilimia 6 ya duka moja, asilimia 2 ya maduka yote

Familia nyingi za Lubumbashi zina mtoto, shemeji au mjomba anayeishi Marekani, na bajeti ya huko na ya huku ni moja: kinachoishia huko hakitumwi huku. Ndiyo maana swali la kadi gani ya mkopo inamrudishia mnunuzi sehemu kubwa zaidi ya pesa aliyotumia linazungumzwa hata Kamalondo na Katuba, kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo. Mara nyingi mjadala hufungwa mapema. Mtu anaandika "chukua ile ya asilimia 6", wengine wanakubali, na kadi ya asilimia 2 inaonekana ni ya mtu asiyejua kuchagua. Kadi hiyo ya pili inaonewa, na hesabu inaonyesha hivyo.

Kwanza pesa yenyewe inatoka wapi. Kadi ikipita dukani, muuzaji anakatwa ada, na sehemu kubwa ya ada hiyo inakwenda kwa benki iliyotoa kadi. Marekani makato hayo kwenye kadi za mkopo huzunguka asilimia 2, hivyo benki ina kitu cha kumrudishia mteja. Umoja wa Ulaya uliyawekea kikomo cha asilimia 0.3 mwaka 2015, ndiyo sababu ndugu wa Brussels akitafuta kadi kama hizi hazioni. Kwa hiyo marejesho si kama matabishi ambayo mama wa soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, anakuongezea juu ya meka ya unga kwa moyo wake. Ni sehemu ya bei uliyokwisha kulipa, na anayelipa kwa noti anailipa bila kurudishiwa chochote.

Sasa hiyo 6. Kadi inayotajwa ni Blue Cash Preferred ya American Express: asilimia 6 kwenye supamaketi za Marekani hadi dola 6,000 za manunuzi kwa mwaka, kisha asilimia 1, na ada ya dola 95 kila mwaka. Si kadi mbaya. Nyumba yenye watoto watano inayonunua chakula cha dola 600 kwa mwezi, chote supamaketi, inapata dola 360 kwenye zile 6,000 za kwanza na dola 12 kwenye 1,200 zilizobaki. Toa ada, zinabaki 277. Kadi ya asilimia 2 isiyo na ada, kama Active Cash ya Wells Fargo au Double Cash ya Citi, ingetoa 144. Kwa nyumba hiyo jibu la WhatsApp ni sahihi, na anayeibishia anapoteza muda wake.

Shida iko kwenye neno "supamaketi". Kadi haioni ulichoweka kwenye mfuko. Inaona namba ya aina ya biashara ambayo duka limesajiliwa nayo, na supamaketi ni 5411. American Express inaeleza katika masharti yake kwamba maduka makubwa ya kila kitu, mfano Walmart na Target, hayahesabiwi kuwa supamaketi. Mchele ule ule, nyama ile ile, unarudishiwa asilimia 1. Maduka ya jumla ya Costco ya Marekani hayapokei kabisa kadi za American Express tangu 2016. Na duka la Kiafrika, lile linalouza unga wa bukari, sombe ya barafu, makayabu na mafuta ya ngazi? Nalo huenda lisihesabiwe supamaketi, kutegemea namba liliyosajiliwa nayo. Mwenye duka naye huenda hajui namba yake, kwa sababu ilichaguliwa na kampuni iliyomwekea mashine.

Tuwachukue watu wanavyokula kweli. Nyumba hiyo hiyo, dola 600 kwa mwezi, lakini 200 ni za supamaketi, 250 Walmart na 150 duka la Kiafrika. Kwa mwaka supamaketi inachukua dola 2,400, zinarudi 144. Zilizobaki ni 4,800, tuseme zote kwa asilimia 1, zinarudi 48. Jumla 192, toa ada ya 95, mkononi zinabaki 97. Ile kadi ya watu wasiojua kuchagua inatoa 144 bila kuuliza umenunua wapi.

Hapo mtetezi wa asilimia 6 ana hoja nzuri, nayo isikilizwe: beba zote mbili. Ya 6 itoke supamaketi tu, ya 2 itoke kwingine kote. Hesabu yake ni hii: 144 kutoa 95 ni 49, kujumlisha 96 za ile kadi ya pili, jumla 145. Amezidi kwa dola 1. Kwa dola 1 ya mwaka mzima amekubali kukumbuka kadi mbili kila akifika kwenye kaunta, taarifa mbili za mwezi na tarehe mbili za kulipa. Akisahau moja kati ya hizo, faini ya kuchelewa inakula faida ya miaka mingi. Mpaka wenyewe ni dola 2,375 za supamaketi kwa mwaka, karibu 198 kwa mwezi: chini ya hapo ada ya 95 haijirudishi ukilinganisha na asilimia 2.

Kabla ya kuomba kadi, chukua taarifa za benki za miezi mitatu na ujumlishe kwa jina la duka. Ukijumlisha "chakula" utadanganyika. Mwenye kadi tayari anunue kitu kidogo kwenye duka analolitilia shaka, asubiri siku chache mpaka manunuzi yaingie, kisha aangalie kwenye programu ya kadi yamehesabiwa asilimia ngapi.

Zile za asilimia 5 ambazo aina ya maduka yake inabadilika kila robo mwaka, Discover it na Chase Freedom Flex, sitazichelewea. Kikomo ni dola 1,500 kwa robo, yaani marejesho ya juu kabisa ni 75, na lazima ujiandikishe upya kila robo. Usipojiandikisha unapata 1. Zinamfaa mtu anayependa kufuatilia.

Hesabu zote hizi zinasimama juu ya sharti moja: deni lote lilipwe kila mwezi. Dola 1,000 kwa asilimia 2 zinarudisha 20. Ukiziacha zilale mwezi mmoja kwa riba ya asilimia 22 kwa mwaka, riba ni kama dola 18. Mwezi wa pili umeshaingia hasara, na manunuzi mapya nayo mara nyingi yanaanza kuhesabiwa riba tangu siku ya kununua. Wazee wanaosema kadi ni mtego wana haki kwa mtu wa namna hii. Double Cash angalau inamkumbusha: inatoa asilimia 1 unaponunua na nyingine 1 unapolipa.

Halafu kadi inapanda ndege. Active Cash na Double Cash zote zinatoza asilimia 3 kwa malipo ya nje ya Marekani, na kulipa hoteli ya Lubumbashi kwa dola hakumwokoi mtu, kwani benki nyingi zinaangalia muuzaji yuko nchi gani. Hoteli ya dola 800: zinarudi 16, zinakatwa 24. Quicksilver ya Capital One inarudisha asilimia 1.5 tu lakini haitozi ada hiyo. Hoteli ile ile inarudisha 12. Kwa safari ya nyumbani, ndogo ndiyo kubwa.

Kuna kosa la mwisho, nalo linatuhusu sisi wa huku kuliko wote: kututumia pesa kwa kadi ya mkopo ili kupata marejesho. Benki nyingi huhesabu malipo kwa kampuni za kutuma pesa kuwa ni kukopa pesa taslimu. Hakuna marejesho, riba inaanza siku hiyo hiyo, na ada ya kawaida ni asilimia 5 au dola 10, ile iliyo kubwa. Mtu anayetuma dola 200 kila mwezi kwa njia hiyo anakatwa 120 kwa mwaka. Kati ya zile 144 za kadi yake nzuri zinabaki 24, na riba bado haijatolewa. Anunue chakula kwa kadi ya mkopo, na pesa ya mama Lubumbashi aitume kutoka kwenye akaunti yake ya kawaida.