Daftari la rambirambi na marufuku ya mikusanyiko

Ebola ikitangazwa Uganda, agizo mojawapo mara nyingi huwa hili: msikusanyike. Sisi wa Kasese, wilaya ya magharibi mpakani na Congo, lilitufikia Juni 2019. Familia moja ilikuwa imekwenda Congo kumuuguza babu, mchungaji wa kanisa, akafia huko, wakamzika. Waliporudi, baadhi yao hawakupita kwenye lango la mpaka. Tarehe 11 Juni ikathibitishwa kwamba mtoto wao wa miaka 5, aliyefikishwa hospitali ya Kagando, ana Ebola. Akafariki, na bibi yake akamfuata. Waziri wa Afya, Jane Ruth Aceng, akasimamisha mikusanyiko wilayani, siku za soko zikiwemo.

Wanaotetea marufuku wana hesabu nzito mkononi. Aliyemgusa mgonjwa hufuatiliwa siku 21, kila siku apimwe joto. Msiba mmoja wenye watu 200 waliomgusa marehemu au matandiko yake unakupa ziara 4,200. Anayezifanya ni mhudumu wa kijiji na bodaboda ya kuazima, na njia za miteremko ya Rwenzori tunazijua zikinyeshewa. Tena maiti ya Ebola inaambukiza vibaya kuliko mgonjwa wa siku ya kwanza. Katika mlipuko ulioanzia Gulu mwaka 2000 watu 425 waliugua na 224 wakafa, na kumwosha na kumgusa maiti matangani kulikuwa miongoni mwa njia kuu za ugonjwa kuenea. Hapo sina ubishi.

Ubishi wangu ni kwenye neno lenyewe, "mkusanyiko", linalofunga soko na matanga kwenye kamba moja. Ebola haisambai kwa hewa, na ambaye dalili hazijamwanza hamwambukizi mwenzake. Soko la Mpondwe, pale mpakani, Jumanne na Ijumaa, watu wanapishana na magunia ya kahawa, vitenge na samaki wa chumvi, hawaoshani. Wakati wa Ebola, pale langoni huwa kuna ndoo ya maji ya klorini na mtu mwenye kipimajoto cha kuelekeza kwenye paji la uso. Ukifunga soko, mama mwenye beseni la samaki hakai nyumbani, maana njaa haijasomewa tangazo. Anavuka mto Lhubiriha wa mpakani kwa njia za panya, ambako hakuna ndoo wala kipimajoto.

Wanaotetea marufuku wananijibu kwa Mubende, wilaya ya katikati ya Uganda. Mwaka 2022 Ebola ya aina ya Sudan, ambayo haikuwa na chanjo iliyoidhinishwa, ilisambaa mji hadi mji. Mubende na jirani yake Kassanda zikafungiwa kuanzia 15 Oktoba, na tarehe 11 Januari 2023 mlipuko ukatangazwa kuisha, wagonjwa wakiwa 164. Je, ni kufungiwa kulikouzima? Huenda kulisaidia. Lakini siku hizo hizo wagonjwa walikuwa wanatengwa na waliowagusa wanafuatiliwa, na sioni namna ya kumpa sifa mmoja peke yake. Ninachokikumbuka zaidi ni Kassanda, ambako kuna watu walioufukua mwili uliozikwa na kikosi cha mazishi salama ili wauoshe kwa taratibu za dini, na wagonjwa wapya wakatokea. Kikosi kilizika salama, familia ikaona ndugu yao katupwa. Shehe au mchungaji angesimama pale kaburini tangu mwanzo, akavalishwa glavu na barakoa, jembe lingebaki ghalani.

Kwa hiyo ningeliacha soko wazi na ndoo zake, nikaiweka nguvu yote matangani, na siyo kwa kuyapiga marufuku. Matanga ya siri hayana orodha. Matanga ya wazi yanayo, na imeandikwa kwa mkono: daftari la rambirambi. Kila msiba huku kuna kijana anakaa mezani na kalamu, anaandika jina la mtu, kijiji alikotoka na alichotoa. Mchunguzi anayeanza na "nani alikuja?" ataambiwa "watu wengi". Aliyeshika daftari anaanza na majina, kisha anabakiwa na swali moja la kumuuliza kila mmoja: ulimgusa?

Familia italitoa ikiamini kwamba halipelekwi polisi, na hilo ni la mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, kulisema kwa kinywa chake, mbele ya wafiwa. Lipo na la aibu pia. Daftari linaonyesha nani alitoa shilingi 50,000 na nani alitoa 1,000, na wa 1,000 hataki lisomwe na wageni. Basi mchunguzi apige picha safu ya majina na ya vijiji, ile ya pesa aifunike kwa karatasi.